Bega Lililopasuliwa na Moyo wa Mgonjwa

Watu wengi, hata waliosoma, huudhania upasuaji kuwa kazi ya ufundi tu. Baiskeli iliyokatika mnyororo hupelekwa kwa fundi, fundi akauunga, na mwenye baiskeli akapanda akaenda zake. Hofu ya mwenye baiskeli na matumaini yake havihusiani hata kidogo na mnyororo. Ndivyo inavyodhaniwa juu ya mwili pia: kano ikichanika daktari huishona, na kano ikiisha kushonwa mgonjwa amepona. Asipopona, basi ama fundi alikosea, ama mgonjwa anajisingizia. Fikra hiyo ina kasoro kubwa, na ni vigumu kupata kiungo kinachoidhihirisha kasoro hiyo kuliko bega.

Bega ni kiungo cha ajabu. Kichwa cha mfupa wa juu wa mkono, chenye umbo la mpira, hakikuzama katika shimo lenye kina kama lile la nyonga. Kimeegemea tu kwenye kijibonde kifupi cha kombe la bega, mfano wa chungwa lililoegemezwa kwenye kisahani cha kahawa. Kwa sababu hiyo mkono wa binadamu huweza kuzunguka karibu pande zote: kurusha jiwe, kukwea mnazi, kufua, kujikuna mgongoni. Lakini uhuru huo una gharama yake. Kinacholizuia chungwa lisianguke ni misuli minne inayotoka kwenye kombe, ambayo kano zake hukutana na kukizunguka kichwa cha mfupa kama ukosi wa shati. Kano ya juu hupita katika njia nyembamba chini ya ncha ya kombe, na hiyo ndiyo inayochakaa na kuchanika zaidi kwa umri, kwa kazi au kwa ajali. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani bila chombo chochote. Mwanafunzi mmoja ainue mkono wake polepole kwa upande, mwenzake ameweka kiganja juu ya kombe. Wote wawili watatambua kwamba hata kombe lenyewe husafiri. Basi uimara wa bega hautokani na mifupa bali na misuli, na misuli hutii ubongo.

Miongoni mwa wa kwanza kuishona kano ya bega iliyochanika alikuwa Ernest Amory Codman, mpasuaji wa Boston, Marekani, aliyeifanya kazi hiyo mwaka 1909 na kuitolea taarifa mwaka 1911. Codman hakukumbukwa kwa ushonaji wake peke yake. Alishikilia jambo ambalo siku zile lilionekana kuwa utovu wa adabu: kila mgonjwa aandikiwe kadi, afuatwe hata baada ya mwaka mzima, na aulizwe kama matibabu yalimfaa, na kama hayakumfaa, kwa nini. Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo ili aitekeleze fikra hiyo. Mwaka 1914 alijiuzulu katika hospitali kuu ya mji ule, ambako vyeo vilitolewa kwa kufuata umri wa kazi na si matokeo ya kazi. Akachapisha hesabu ya wagonjwa wake pamoja na makosa yake mwenyewe, jambo ambalo wapasuaji wachache wamelifanya kabla yake au baada yake.

Swali la Codman linaonekana jepesi mpaka mtu ajaribu kulijibu. Bega limepona kwa kipimo gani? Yupo atakayesema limepona iwapo picha inaonyesha kwamba kano imeshikana. Yupo atakayesema limepona iwapo mwenyewe anaweza kuchana nywele, kutwanga, kuandika ubaoni na kulala usiku kucha. Ingetarajiwa majibu hayo mawili yalingane, lakini hayalingani. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 96 ambao mabega yao hayakuwa na maumivu yoyote, wakayapiga picha kwa mashine ya sumaku. Miongoni mwa waliozidi umri wa miaka 60, asilimia 54 walikutwa na kano zilizochanika, ama kwa sehemu ama kabisa, na wao wenyewe hawakuwa na habari. Mwaka 2014 kundi jingine la watafiti wa nchi hiyo liliwachunguza wagonjwa 393 ambao kano zao zilikuwa zimechanika kabisa. Ukubwa wa mchaniko haukulingana na ukali wa maumivu waliyoyaeleza. Mwenye mchaniko mdogo aweza kukesha akiugua, na mwenye mchaniko mkubwa akalala fofofo.

Hilo litamshangaza yule tu anayeyachukulia maumivu kuwa kama kengele ya umeme, bonyeza hapa ilie kule. Mwaka 1944, katika vita vya Italia, daktari Henry Beecher wa jeshi la Marekani aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya kama wanahitaji dawa ya kutuliza maumivu. Karibu robo tatu yao walisema hawahitaji. Hawakuwa wamepoteza fahamu wala hawakuwa mashujaa wa kupindukia. Walilalamika vizuri tu muuguzi alipowachoma sindano vibaya. Maelezo ya Beecher yalikuwa kwamba kwa askari yule jeraha lilimaanisha kutoka vitani akiwa hai na kurudi nyumbani, na kwa raia aliyepasuliwa hospitalini jeraha humaanisha balaa. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango: katika ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo habari za maumivu hupita kama kwenye lango, na ubongo unaweza kulifungua zaidi au kulirudisha kwa kupeleka amri kutoka juu. Sehemu kadhaa za nadharia hiyo zimesahihishwa tangu wakati ule. Kiini chake kimebaki, kwamba maumivu hufanywa na ubongo kwa kutumia habari zinazotoka mwilini pamoja na habari nyingine nyingi: kumbukumbu, hofu, na maana ya jambo lenyewe.

Kiswahili huviweka woga, tumaini na subira katika moyo. Sayansi huviweka ubongoni. Tofauti hiyo ya makazi haina uzito. Lenye uzito ni kwamba vina njia za kemia zinazopimika. Mwaka 1978 Jon Levine na wenzake wa California waliwapa watu waliong'olewa meno plasebo, yaani dawa isiyo na dawa ndani yake. Baadhi yao walipata nafuu. Walipopewa naloksoni, kemikali inayozuia kazi ya afyuni mwilini, nafuu ile ikaondoka. Maana yake ni kwamba tumaini lao lilikuwa limeufanya ubongo utoe dawa yake wenyewe yenye tabia ya afyuni, na dawa hiyo ikazuiwa kama inavyozuiwa mofini ya dukani. Anayesema kwamba nafuu ya plasebo ni ya kufikirika tu hana budi kueleza jinsi kitu cha kufikirika kinavyoweza kuzuiwa kwa sindano.

Jaribio lililoleta mambo haya yote juu ya bega lina historia ndefu kidogo. Mwaka 1972 Charles Neer, mpasuaji wa New York, alieleza njia ya kutibu bega linalouma kwa kuchonga upande wa chini wa ncha ya kombe ili njia ya kano ipanuke. Hoja yake ilikuwa ya kifundi na yenye kuridhisha: ikiwa kano inasuguliwa na mfupa, basi mfupa uchongwe. Baadaye kazi hiyo ikafanywa kwa athroskopu, darubini nyembamba inayopitishwa katika tundu dogo la ngozi. Wagonjwa wengi walipata nafuu wakashukuru. Huko Uingereza idadi ya upasuaji wa namna hiyo ilipanda kutoka kama 2,500 mwaka 2000 hadi zaidi ya 21,000 mwaka 2010. Katika kipindi hicho chote hakuna aliyekuwa amepima, kwa kulinganisha na upasuaji wa mfano, kama nafuu ile ilitokana kweli na kuchongwa kwa mfupa.

Kati ya mwaka 2012 na 2015 watafiti walioongozwa kutoka Oxford waliwaandikisha wagonjwa 313 katika hospitali 32 za Uingereza. Wote walikuwa wameumwa na bega kwa miezi isiyopungua mitatu, na walikuwa wameshajaribu mazoezi na sindano. Wakagawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilichongwa mfupa kama kawaida. Kundi la pili lililazwa usingizi, likatobolewa matundu yale yale, darubini ikaingizwa na bega likakaguliwa, lakini hapana kilichochongwa. Kundi la tatu halikupasuliwa. Wagonjwa wa makundi mawili ya kwanza hawakuambiwa ni kipi walichofanyiwa. Baada ya miezi sita kila mmoja alijaza kipimo cha bega cha Oxford, ambacho alama zake huanzia 0 kwa bega baya kabisa hadi 48 kwa bega zima. Waliochongwa walipata wastani wa alama 32.7. Waliofanyiwa upasuaji wa mfano walipata 34.2. Wasiopasuliwa walipata 29.4. Tofauti kati ya namba ya kwanza na ya pili ni ndogo kiasi cha kutohesabiwa kuwa kitu. Kati ya waliopasuliwa na wasiopasuliwa palikuwa na tofauti, lakini watafiti walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba tofauti ya chini ya alama 4.5 mgonjwa haioni faida yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Mwaka uliofuata watafiti wa Finland, waliowaandikisha wagonjwa 210 na kuwafuata kwa miaka miwili, walifikia hukumu iyo hiyo juu ya kuchonga mfupa, na mwaka 2019 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali likashauri kwa mkazo kwamba upasuaji huo usifanywe kwa maumivu ya aina hiyo.

Yafaa mwanafunzi ajizuie hapo, asije akaruka hadi mwisho mbaya. Majaribio haya hayakusema kwamba kila upasuaji wa bega ni kiini macho. Kushona kano iliyochanika kwa ajali, kurudisha bega linaloteguka mara kwa mara, kuweka kiungo cha bandia pale gegedu lilipokwisha, hizo ni kazi nyingine na zina hesabu zake. Wala haikuthibitishwa kwamba nafuu yote ya upasuaji wa mfano ilitoka kwenye imani. Makundi yote matatu yalipata nafuu, hata lile lisiloguswa, kwa kuwa mtu huenda hospitali siku maumivu yamefika kileleni, na kitu kilichofika kileleni aghalabu hushuka chenyewe. Waliopasuliwa walipewa pia mazoezi ya viungo baadaye. Isitoshe, baadhi ya wagonjwa walikuwa hawajapata matibabu waliyopangiwa miezi sita ilipotimu. Hata baada ya kuyaondoa yote hayo, linabaki jambo moja lisiloondoka. Kwa miaka zaidi ya 40 wapasuaji waaminifu na wagonjwa waaminifu walikuwa wakiitolea sifa patasi, na patasi haikustahili. Dawa mpya ya vidonge haiuzwi mpaka ilinganishwe na plasebo. Kisu kimesamehewa sharti hilo kwa muda mrefu mno, na msamaha huo hauna hoja ya kisayansi.

Tumaini, basi, hufanya kazi gani katika bega? Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 125 wa Marekani walioshonwa kano za bega. Waliotarajia mengi kabla ya kupasuliwa ndio walioeleza hali bora zaidi baada ya mwaka mmoja, hata walipokwisha kulinganishwa kwa umri na kwa mambo mengine. Linalovutia zaidi ni la watu 452 ambao kano zao zilichanika bila ajali, wakapewa kwanza mazoezi ya viungo. Katika miaka miwili waliokwenda kupasuliwa hawakufika robo yao. Watafiti walipotafuta ni kitu gani kilichowatofautisha walioishia kisuni na wengine, walidhani watakuta ukubwa wa mchaniko au ukali wa maumivu. Walichokuta kuwa na nguvu kuliko vyote ni kwamba tangu siku ya kwanza watu hao hawakuamini kuwa mazoezi yangewafaa.

Hapana haja ya miujiza katika kulieleza jambo hili. Mtu asiyeamini zoezi halifanyi, au hulifanya nusu nusu, na akiona linauma huliacha. Mwaka 2000 Johan Vlaeyen na Steven Linton walieleza kwa utaratibu mzunguko wa namna hiyo, ingawa wao waliutafiti zaidi katika mgongo. Mtu huumia, akiyatafsiri maumivu kuwa ishara ya madhara makubwa huogopa, akiogopa huacha kujongeza kiungo, kiungo kisichojongezwa hukakamaa na misuli yake hunyauka, na siku akijaribu tena, kinauma kuliko mwanzo. Hofu yake imethibitishwa na mwili wake mwenyewe. Katika bega mzunguko huu ni mkali zaidi, kwa kuwa mfuko wa ngozi laini unaolizunguka hujikunja na kushikana upesi usipotumiwa.

Lakini anayempasua mtu bega na kumwambia asiogope hasemi kweli yote. Wiki za kwanza baada ya kano kushonwa, hofu ni ya haki. Mkono hutundikwa kwa kitambaa, kwa kawaida kati ya wiki nne na sita, na mgonjwa hukatazwa kuuinua kwa nguvu zake, kwa maana nyuzi zaweza kukatika. Kisha huanza kuujongeza kwa kusaidiwa, na hupita kama miezi mitatu kabla kano haijaaminiwa kuanza kubeba mzigo. Mgonjwa yule yule, basi, huambiwa mwezi wa kwanza kwamba maumivu ni onyo, atulie. Na mwezi wa tatu huambiwa kwamba maumivu si onyo, ajikaze. Hizo ni amri mbili zinazopingana, na huwa na maana kwa yule tu aliyeelezwa kazi ya kano inavyoendelea ndani: inaposhikana, inapokomaa, inapohitaji kuvutwa ili nyuzi zake zijipange. Asiyeelezwa hubaki na ile amri ya kwanza, maana ndiyo aliyopewa akiwa na woga mwingi zaidi.

Ndugu nao huongeza lao. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mgonjwa aliyetoka hospitalini hufanyiwa kila kitu. Huoshwa, hulishwa, huvishwa shati, na akinyosha mkono kuchukua kikombe husikia sauti tatu zikimwambia atulie asijisumbue. Huo ni upendo, na mtu hawezi kuulaumu. Hata hivyo, kwa bega la wiki ya kumi, kuchukua kikombe ndiko dawa yenyewe. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo humwona mgonjwa kwa saa moja, tena kama anaishi karibu na mji. Jamaa huwa naye siku nzima. Aliyevunjika bega kwa ajali ya pikipiki akarudi kijijini, safari ya kwenda na kurudi kliniki humla fedha na siku nzima, na baada ya safari mbili huacha. Maelezo aliyopewa yeye na aliyemsindikiza ndiyo matibabu pekee anayoondoka nayo.

Iko pia njia ya pili, isiyopitia mazoezi kabisa. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Ohio walitoa habari za wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao waliopotewa na akili za uzeeni, wakawalinganisha na wanawake 13 wa umri wao wasio na mzigo huo. Wote walikatwa kidonda kidogo cha namna moja mkononi. Vidonda vya wauguzaji vilichukua siku tisa zaidi kupona. Mwaka 1998 kundi lile lile la Ohio liliwajaribu wanafunzi 11 wa udaktari wa meno kwa kuwatoboa kijidonda kaakaani mara mbili: mara moja wakati wa likizo, na mara ya pili siku tatu kabla ya mtihani mkubwa. Kidonda cha wakati wa mtihani kilichelewa kupona kwa asilimia 40. Wanafunzi wa kidato cha nne huenda wakayapenda matokeo haya kuliko inavyopasa! Idadi ya waliojaribiwa ni ndogo, na kidonda cha kaakaani si kano ya bega. Lakini njia yenyewe inaeleweka: wasiwasi wa muda mrefu huongeza homoni ya kortisoli, na kortisoli huwapunguzia kasi askari wa damu wanaosafisha jeraha na kuanza ujenzi.

Mwaka 2008 watafiti wa Florida walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 58 wa bega waliopasuliwa. Walipima tabia ya kuyakuza maumivu, yaani kuyafikiria mfululizo, kuyaona kama mwisho wa dunia na kujiona huna la kufanya. Tabia hiyo hupimwa kwa orodha ya maswali 13 iliyotungwa na Michael Sullivan mwaka 1995. Wakapima pia aina ya jini la urithi linaloongoza kimeng'enya kinachovunjavunja adrenalini. Waliokuwa na vyote viwili, tabia ile na kimeng'enya kilicholegea, ndio waliokuwa hatarini zaidi kubaki na maumivu miezi kadhaa baadaye. Kundi lilikuwa dogo, lakini linafundisha kwamba mpaka uliochorwa kati ya mambo ya mwili na mambo ya nafsi ulichorwa na ratiba za vyuo, si na maumbile.

Ni hapa ambapo elimu hii inaweza kugeuzwa silaha dhidi ya mgonjwa. Katikati ya karne ya 20 palikuwa na madaktari walioandika kwamba bega linalokakamaa lina tabia yake ya mtu: mwoga, mnung'unikaji, asiyevumilia. Waliolichunguza jambo hilo baadaye hawakuuona ushahidi wa kutosha. Mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi minane kwa sababu ya bega ana kila haki ya kunung'unika, na manung'uniko hayo ni tunda la ugonjwa, si mbegu yake. Mwaka 2015 tafiti mbili, moja ya Korea Kusini na nyingine ya Marekani, zilionyesha kwamba wagonjwa waliokuwa na huzuni na wasiwasi kabla ya kushonwa kano hawakuwa nyuma ya wenzao baada ya mwaka mmoja. Na katika ile ya Korea huzuni yenyewe ilipungua bega lilipotulia. Kwa hiyo daktari anayemkatalia mtu upasuaji kwa sababu ana wasiwasi hana msingi imara wa kusimamia. Na yule anayeitazama picha, akaona kano imeshikana, kisha akamwambia mgonjwa anayeumwa kwamba hana kitu, amefanya vibaya zaidi. Amemwachia achague moja kati ya mawili: ajione mwongo, au aende akatafute mtu mwingine atakayemwambia ni nani aliyemroga.

Ushahidi wenye manufaa makubwa kuliko wote umekaa maktabani tangu mwaka 1964 na haukuhusu bega. Lawrence Egbert na wenzake, madaktari wa usingizi wa Boston, waliwachukua wagonjwa 97 waliokuwa wapasuliwe tumbo. Wote walitembelewa usiku wa kuamkia upasuaji, kama ilivyokuwa desturi. Lakini 46 kati yao waliambiwa zaidi: kwamba wataumia, wataumia wapi, kwa ukali gani na kwa muda gani, kwamba maumivu hayo ni ya kawaida na hutokana na misuli inayojikaza chini ya jeraha, na wakafundishwa jinsi ya kuilegeza misuli hiyo, kupumua, na kujigeuza kitandani. Baadaye wakaendelea kutembelewa. Wapasuaji na wauguzi waliokuwa wakiwahudumia hawakujua nani alipewa maelezo na nani hakupewa. Waliopewa walihitaji kama nusu tu ya dawa kali za maumivu walizohitaji wenzao, na waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, kwa wastani wa siku 2.7.

Inafaa kulipima vizuri walilofanya. Hawakumdanganya mtu. Hawakuwaambia wagonjwa kwamba hawataumia, jambo ambalo wengi hulisema kwa huruma na ambalo huvunjika saa ile dawa ya usingizi inapoisha. Waliwaambia ukweli mchungu pamoja na kazi ya kufanya ukweli huo utakapofika. Hilo linajibu pingamizi la wale wanaosema kwamba kutumia moyo wa mgonjwa katika tiba ni kuhalalisha uwongo. Tumaini lililojengwa juu ya maelezo ya kweli halibomolewi na maumivu, kwa kuwa maumivu yenyewe yalikuwa yameshatabiriwa.

Gharama ya maelezo hayo ni dakika. Katika hospitali nyingi dakika ndizo adimu kuliko nyuzi, hilo halina ubishi, na daktari mwenye wagonjwa 50 mlangoni hatakaa na mmoja jioni nzima. Lakini si lazima awe daktari. Muuguzi aliyefundishwa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hata mgonjwa mwingine aliyepasuliwa bega mwaka jana, anaweza kuketi na mgonjwa pamoja na ndugu yake siku moja kabla, akawaonyesha kwa mkono wake mwenyewe mkono utakavyokuwa wiki ya pili, ya sita na ya kumi na mbili, na namna ya kulala kwa kuegemea mito usiku ule wa kwanza ambao karibu kila aliyepasuliwa bega huulalamikia. Kinachokosekana ni kuyahesabu maelezo hayo kuwa sehemu ya upasuaji. Faili la mgonjwa lina nafasi ya kuandika aina ya uzi uliotumika. Nafasi ya kuandika nani alimweleza, lini, na kama alielewa, kwa kawaida haimo.

Kadi ya Codman, kama ingechapishwa leo kwa ajili ya mgonjwa wa bega, ingehitaji mistari michache ya kujazwa kabla ya kisu: anatarajia kufanya nini na mkono huu baada ya mwaka, anaogopa nini, analalaje usiku, na nani atakayekuwa naye nyumbani. Kisha mistari ile ile irudiwe baada ya mwaka, kwa maneno yake mwenyewe, na picha ya kano ibandikwe pembeni.